Nyuzi Tisini na Saba

Prosesa ilifika Langoni Jumanne,
imeviringishwa gazeti ndani ya kopo la biskuti,
pamoja na feni yake na mapezi yake ya chuma.
Famau aliitoa Mombasa kwa basi, kisha boti,
na ujumbe ukaitangulia:
*Ile ya zamani ilikuwa punda, dada. Hii ni farasi.*

Farasi, Lamu? Katika vichochoro hivi?
Lakini nilikuwa na harusi tatu sijazimaliza.

Nikaichomoa ya zamani, ndogo kama stempu,
miaka saba imenitumikia bila kununa.
Nikailaza kwenye kisahani cha ubani.
Nikatia grisi mpya, tone la ukubwa wa dengu,
nikakaza skrubu nne, nikasoma Bismillahi,
nikawasha.
Ikaamka upesi hata nikaona haya.
Nyuzi sitini na moja, na bado haijafanya kitu.

Kazi yangu ni usiku wa wanawake:
walioacha mabuibui mlangoni,
nywele zimejaa asumini, hina mpaka viwikoni,
na shangazi wa bwana harusi, huyo
asiyekubali kucheza, kisha hakubali kukaa.
Picha hizo haziendi studio ya mwanamume.
Huja kwangu, kadi ndani ya leso,
leso ndani ya pochi, na neno moja: amana.

Ndiyo maana dirisha langu hufungwa.
"Ndia ina mato," Mama husema,
na akisema hushusha na pazia,
na juu ya kompyuta hutandika kitambaa
alichokifuma mwenyewe, maua kumi na sita,
kuzuia vumbi, kuzuia chumvi.

Basi nikaianza harusi ya Thureya.
Sabini na nane. Themanini na tano.
Feni ikalia kama birika lililosahauliwa jikoni.
Tisini na mbili. Bi Somoe anamfunua mwanawe,
mtoto anaanza kuinua uso,
tisini na saba,
giza.

Mama akaweka kiganja juu ya maua yake.
"Hii ina homa. Mtu kaitia kijicho."
"Nani kaiona, Mama, zaidi yangu na yako?"
Hakujibu. Akenda kutafuta ubani, akakuta
kisahani kina mgeni.

Famau kwenye simu aliuliza kama daktari.
Inapumulia wapi? Imefunikwa nini?
Na ile ngozi ya plastiki chini ya chuma, uliibandua?

Nilinyamaza.
Ilikuwa imeandikwa kwa wino mwekundu, kwa lugha tatu,
*ondoa kabla ya kutumia*,
nami nilikuwa nasoma Bismillahi.

Spiriti, pamba, dengu jingine la grisi.
Themanini na tisa. Nafuu, si uzima.
Kilichobaki kilikuwa chumba chenyewe:
hewa ile ile ikitoka moto, ikirudi moto,
ikizidi kila inapozunguka, kama uvumi.

Saa saba za usiku nikaingia kwenye menyu ya buluu
ile ya kabla mashine haijaamka vizuri,
nikampunguzia farasi malisho:
alikuwa akila wati mia na ishirini,
nikampa sabini na tano.
Kitambaa nikakikunja, nikakiweka chini ya redio.
Nikaigeuza skrini ikaipa ndia mgongo,
nikakaa baina yake na ukuta, magoti yamebanwa,
sauti yote ya harusi nimeitia masikioni.
Kisha, bawaba zikinisengenya, nikafungua dirisha.

Upepo wa kichochoro ni mwembamba,
unanuka punda na maji ya mtaro.
Lakini ni upepo.
Themanini. Sabini na sita.
Kazi ya dakika arubaini ikawa ya saa mbili,
na Thureya akainua uso, polepole, mpaka mwisho.

Sikumsikia Mama akiingia.
Alilitazama dirisha, akanitazama mimi.
Hakulifunga.
Alivuta kigoda, akakaa palepale penye uwazi,
mgongo kwa ndia, leso ameitanua mabegani.

"Hapa inapita?" akauliza.
"Sogea kidogo, Mama."
Akasogea.
Sabini na moja.